Majaribio ya Programu Zinazogeuza Ramani za Ardhi: Mfano wa Kinanie

Kinanie, katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, ni miongoni mwa sehemu za kusini-mashariki mwa Nairobi ambako ardhi iliyokuwa malisho na mashamba makubwa imegawanywa kwa miaka mingi kuwa ploti ndogo, nyingi zikiwa za kipimo ambacho wauzaji na wanunuzi hukiita hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, na ambako pia ardhi imetengwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Kila mgawanyo wa ardhi wa aina hiyo huzaa faili za kompyuta. Mpima ardhi huchora mipaka katika programu ya kuchorea, maofisa wa mipango miji huihitaji michoro hiyo katika mfumo wao wa ramani, na muuzaji huitaka ionekane kwenye simu ya mnunuzi aliye Mombasa au Doha ambaye hajawahi kukanyaga mahali penyewe. Kwa kuwa kila mmoja wao hutumia muundo wake wa faili, mchoro mmoja hugeuzwa mara tatu au nne kabla ya kumfikia msomaji wa mwisho, na katika kila mgeuzo bikoni, yaani alama inayowekwa ardhini kwenye kona ya ploti, inaweza kuhama katika ramani ilhali jiwe lenyewe halijaguswa.

Waandishi wa programu zinazofanya kazi hiyo ni nadra kuandika wenyewe hesabu za kugeuza. Mara nyingi huiita programu nyingine iliyokwisha kukomaa, wakaipa faili ya kuingiza, wakangoja itoe faili mpya, kisha wakaendelea na shughuli zao. Katika fani ya ramani, programu inayotegemewa zaidi kwa kazi hiyo ni ogr2ogr, ambayo ni sehemu ya mkusanyiko wa bure uitwao GDAL ulioanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998 na ambao leo unatumiwa na takriban kila mfumo mkubwa wa ramani duniani. Programu ya namna hii huitwa hapa programu ya nje, kwa sababu haikuandikwa na yule anayeitumia, imewekwa kwenye kompyuta kwa njia yake yenyewe, ina matoleo yake na kasoro zake, na huzungumza na msimbo unaoiita kupitia mambo matatu tu: maneno ya amri inayopewa, faili inazosoma na kuandika, na namba ya kutokea, yaani namba ndogo ambayo kila programu huiachia mfumo wa kompyuta inapomaliza kazi, ambapo sifuri humaanisha kuwa imemaliza salama.

Ugumu hujitokeza pale mwandishi anapotaka kuujaribu msimbo wake. Jaribio la kipande ni msimbo mfupi unaoendeshwa na kompyuta yenyewe ili kukagua kipande kimoja cha programu kikiwa kimetengwa na vingine, kwa kukipa maingizo yanayojulikana na kulinganisha matokeo na yale yanayotarajiwa. Desturi hiyo ilienea sana baada ya Kent Beck na Erich Gamma kuandika JUnit, kifaa cha majaribio cha lugha ya Java, mwaka 1997, na tangu hapo sifa zinazodaiwa kwa jaribio la kipande zimekuwa ni kwamba liwe la haraka, lisitegemee kitu kilicho nje ya msimbo, na litoe jibu lile lile kila linapoendeshwa. Msimbo unaoita ogr2ogr unakosa sifa hizo karibu zote, kwa kuwa hutegemea programu ambayo huenda haipo kwenye kompyuta ya mwenzake mwandishi, huandika faili kwenye diski, na matokeo yake hubadilika toleo la programu ya nje linapobadilika.

Jibu lililozoeleka ni kuweka kaimu. Kaimu ni kipande cha msimbo kinachoshika nafasi ya kitu halisi wakati wa majaribio, kikapokea wito uliokusudiwa kwenda kwa kitu hicho na kurudisha jibu lililopangwa mapema. Gerard Meszaros aliziainisha aina za makaimu kwa kina katika kitabu chake kuhusu mitindo ya majaribio kilichotoka mwaka 2007, na lugha nyingi za programu, ikiwamo Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, huja na vifaa vya kuwatengeneza. Kwa njia hiyo jaribio huhakikisha kwamba msimbo uliita ogr2ogr kwa maneno fulani, kaimu hujibu sifuri, na jaribio hufaulu kwa sekunde isiyofika moja. Tatizo ni kwamba jaribio hilo huthibitisha jambo moja tu, nalo ni kuwa mwandishi aliandika kile alichokusudia kuandika. Iwapo kile alichokusudia ni kosa, kaimu atalikubali kosa hilo kila siku bila kulalamika, kwa sababu kaimu naye aliumbwa na mtu yule yule mwenye imani ile ile.

Kosa la mfano linapatikana katika herufi moja ya amri. Vipimo vingi vya ardhi nchini Kenya vimeandikwa katika mfumo uitwao Arc 1960, ambao jina lake linatokana na upimaji mrefu uliofuata longitudo ya 30 kupitia Afrika, kazi iliyohimizwa na mwanafalaki David Gill kutoka Rasi ya Tumaini Jema na ikakamilika katika miaka ya 1950. Mfumo huo huchukulia kuwa dunia ina umbo lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880, lenye nusu kipenyo cha mita 6,378,249 kwenye ikweta, ilhali mfumo wa WGS 84, unaotumiwa na vipokezi vya satelaiti na ramani za simu, huchukua mita 6,378,137, na pia huweka kitovu cha dunia mahali tofauti. Kwa hiyo bikoni moja iliyopo Kinanie ina namba mbili tofauti za mahali, ambazo wanajiografia huziita majiranukta, kutegemea mfumo unaotumiwa. Na tofauti kati ya namba hizo inakaribia mita 300.

Programu ya ogr2ogr ina machaguo mawili yanayofanana sana machoni. Chaguo la -t_srs huiagiza ibadilishe majiranukta kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kwa hesabu. Chaguo la -a_srs huiagiza ibandike jina la mfumo mpya kwenye faili bila kugusa namba hata moja. Yote mawili ni halali na kila moja lina kazi yake, kwa kuwa zipo faili zenye namba sahihi zilizokosa jina tu. Lakini mwandishi anayetaka kugeuza ramani kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, akachagua la pili kwa kudhani ni la kwanza, atapata faili inayofunguka vizuri, yenye ploti zote, kila ploti ikiwa na umbo lake kamili, na programu itatokea kwa sifuri bila onyo lolote. Ploti hizo zitakuwa zimekaa takriban mita 300 kaskazini mwa mahali pake. Kwa kuwa futi 100 ni sawa na mita 30.48, umbali huo unatoshana na urefu wa ploti kumi zilizopangwa mfululizo, na mnunuzi anayeongozwa na simu yake atasimama katika kiwanja cha mtu mwingine kabisa akiamini ndipo alipolipia. Jaribio la kaimu lililoandikwa ili kuhakikisha kwamba neno -a_srs limo ndani ya amri lingefaulu muda wote huo.

Hali hiyo ndiyo inayoipa mada hii uzito wake. Programu ya nje inapokataa kazi kwa kelele, hakuna hatari kubwa, kwani mtu ataona kosa na kulishughulikia. Kwa mfano, ogr2ogr ikiambiwa ibadilishe majiranukta ya faili isiyotaja mfumo wake, hukataa na kueleza sababu. Hatari iko pale inapofanya jambo tofauti na lililotakiwa, kisha ikatoa ishara ya ufanisi.

Mfano wa pili wa ufanisi wa aina hiyo unahusu majina ya safu za taarifa. Muundo wa faili wa shapefile, ambao kampuni ya Esri ilichapisha maelezo yake mwaka 1998 na ambao bado unabadilishanwa kila siku kati ya ofisi za ramani, huhifadhi taarifa za kila ploti katika jedwali lenye kikomo cha herufi 10 kwa jina la safu. Ikiwa faili ya asili ina safu ya NAMBARI_YA_KIWANJA na nyingine ya NAMBARI_YA_HATI, majina yote mawili yakikatwa kwenye herufi ya kumi huwa NAMBARI_YA. Programu ya ogr2ogr haitaacha kazi kwa sababu hiyo. Itaiita safu ya kwanza NAMBARI_YA, itabuni jina la NAMBARI__1 kwa ile ya pili, itaandika onyo kwenye mkondo wa makosa, yaani njia ya pembeni ambayo programu hutumia kutoa malalamiko yake, kisha itatokea kwa sifuri. Msimbo unaoangalia namba ya kutokea peke yake hautajua lolote, na sehemu ya programu inayofuata, inayotafuta safu ya NAMBARI_YA_HATI, itaikosa na pengine kuonyesha nafasi tupu mahali pa nambari ya hatimiliki. Ni busara kwa hiyo msimbo wowote unaoita programu ya nje uusome pia mkondo wa makosa na kuuhifadhi, na usiutupe kwa kisingizio kwamba kazi imekwisha salama.

Suluhisho halianzi na majaribio bali na mpangilio wa msimbo wenyewe. Kazi ya kugeuza faili kwa programu ya nje ina hatua tatu zinazoweza kutenganishwa: kuunda amri, kuiendesha, na kuyasoma matokeo. Waandishi wengi huzichanganya hatua hizo katika kitendakazi kimoja, yaani kifungu kimoja cha msimbo chenye jina lake, kisha wakashangaa kwa nini hakijaribiki. Zikitenganishwa, hatua ya kwanza huwa ni msimbo mtupu unaopokea majina na machaguo na kurudisha orodha ya maneno, bila kugusa diski wala programu yoyote, na hiyo inaweza kujaribiwa mara elfu kwa sekunde bila kaimu yeyote.

Hatua hiyo ya kwanza inastahili uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Tofauti na amri nyingi za kompyuta, ogr2ogr hutaka jina la faili mpya litangulie jina la faili ya asili, na kwa mtu aliyezoea amri ya kunakili, ambayo hutanguliza asili, ni rahisi mno kuyageuza. Yakigeuzwa huku pakiwapo faili ya matokeo ya jana, na amri ikiwa na chaguo la -overwrite linaloruhusu kufuta kilichopo, matokeo ya jana yataandikwa juu ya kazi ya asili ya mpima ardhi. Jaribio la mistari mitatu linalokagua mpangilio wa maneno hayo mawili linazuia hasara ambayo hairekebishiki. Vilevile amri inapaswa kuundwa kama orodha ya maneno yaliyotengwa na isiwe sentensi moja ndefu, kwa kuwa faili zinazotoka maofisini huwa na majina kama "Ploti za Kinanie (mpya).shp", yenye nafasi na mabano, na mfumo wa kompyuta unaopewa sentensi utayakata majina hayo kwenye kila nafasi, au kibaya zaidi, utayatafsiri baadhi ya alama zake kuwa amri nyingine.

Katika hatua ya pili, ile ya kuendesha amri, kaimu hupata mahali pake halali. Yapo matukio ambayo ni vigumu kuyasababisha kwa programu halisi lakini ambayo lazima msimbo uyamudu: programu ya nje haipo kwenye kompyuta, ipo lakini imekwama na haimalizi, imemaliza kwa namba isiyo sifuri, imemaliza kwa sifuri lakini haikuandika faili, au imeandika faili tupu kwa sababu diski ilijaa. Kaimu anaweza kuyaigiza yote hayo kwa urahisi, na jaribio likahakikisha kuwa mtumiaji anapewa ujumbe unaoeleweka, kwamba kuna kikomo cha muda wa kungoja, na kwamba faili nusu nusu haibaki mahali ambapo mtu anaweza kuidhania kuwa kamili. Kwa maneno mengine, kaimu anafaa kuigiza kushindwa kwa programu ya nje, kwa sababu kushindwa huko ni kwa aina chache na zinajulikana. Hafai kuigiza ujuzi wake, kwa sababu ujuzi huo ndio hasa ambao mwandishi hana na ndio uliomfanya aitafute programu hiyo.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji programu halisi, faili halisi, na mahali halisi. Baadhi ya wanafani hukataa kuliita jaribio la aina hiyo jaribio la kipande, kwa hoja kwamba linavuka mpaka wa msimbo, na hulipa jina la jaribio la muungano. Ubishi huo wa majina una faida ndogo. Linaloleta faida ni kwamba majaribio hayo yawe machache, kila moja lifanye kazi kwenye faili ndogo yenye ploti moja au mbili, na yaulize swali ambalo kaimu hawezi kulijibu, yaani: ploti imeangukia wapi?

Kwa Kinanie swali hilo lina jibu linaloweza kuandikwa. Katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda za upana wa nyuzi 6 za longitudo na kupima umbali kwa mita, Kinanie ipo katika ukanda wa 37 kusini mwa ikweta. Namba ya mashariki ya sehemu yoyote ya eneo hilo huwa kati ya 280,000 na 290,000, na namba ya kaskazini huwa kati ya 9,830,000 na 9,845,000. Namba hii ya pili ni kubwa hivyo kwa sababu mfumo huongeza mita 10,000,000 kwa sehemu zote zilizo kusini mwa ikweta ili kuepuka namba hasi. Jaribio linalokagua kwamba kila bikoni ya faili mpya imo ndani ya mipaka hiyo minne ni fupi na halihitaji usahihi wowote wa hali ya juu, ila linanasa makosa ya ajabu kwa wingi. Kenya imekatwa na ikweta, kwa hiyo waandishi wa programu za nchi hii hukutana na kanda za kaskazini na za kusini pamoja, na si jambo geni mtu kuandika msimbo wa ukanda wa kaskazini mahali pa ule wa kusini. Namba za Kinanie zikisomwa kana kwamba ni za kaskazini, ile nyongeza ya mita milioni kumi huhesabiwa kuwa ni umbali wa kweli kutoka ikweta, na ploti huangukia katika barafu isiyofika kilomita 300 kutoka Ncha ya Kaskazini.

Matokeo yanapotolewa kwa nyuzi, kama ilivyo katika muundo wa GeoJSON unaotumiwa na ramani za intaneti, kosa la kawaida huwa ni kupishanisha latitudo na longitudo. Kanuni ya muundo huo, iliyochapishwa Agosti 2016, hutaka longitudo itangulie, ilhali watu wengi, na simu nyingi pia, hutaja latitudo kwanza. Ploti ya Kinanie, ambayo ipo karibu nyuzi 1.5 kusini na nyuzi 37 mashariki, ikipishanishwa huwa nyuzi 37 kaskazini na nyuzi 1.5 magharibi, mahali ambapo ni katika Bahari ya Mediterania, mbele ya pwani ya kusini-mashariki mwa Uhispania. Ukaguzi wa mipaka hunasa kosa hilo papo hapo.

Hata hivyo, mipaka mipana hainasi lile kosa la mita 300, kwani eneo lenyewe ni pana kuliko hapo. Wala halinaswi kwa kupima urefu wa pande za ploti, jambo ambalo waandishi wengi hulifanya kwa kudhani kuwa limetosha. Ploti iliyohama nzima nzima huwa na pande zile zile, eneo lile lile na kona zile zile. Umbo halisemi lolote kuhusu mahali. Kinachohitajika ni nukta moja angalau ambayo majiranukta yake katika mifumo yote miwili yamepatikana kwa njia isiyohusiana na programu inayojaribiwa, mathalani nukta ya mtandao wa taifa wa upimaji ambayo namba zake zimo katika kumbukumbu za Survey of Kenya na ambayo imepimwa pia kwa kipokezi cha satelaiti. Waandishi walio na haraka huiendesha ogr2ogr mara moja, wakachukua namba ilizotoa, wakaziweka kwenye jaribio kuwa ndizo jibu sahihi. Jaribio la namna hiyo lina manufaa ya kuonyesha kwamba kitu kimebadilika tangu siku ile, na Michael Feathers alilitetea katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu misimbo iliyorithiwa, lakini haliwezi kudai kwamba siku ile mambo yalikuwa sawa.

Ukaguzi wa umbo una kazi yake katika jambo jingine, nalo ni vizio vya vipimo. Ramani za zamani za ardhi nchini Kenya zilichorwa kwa makadirio ya Cassini-Soldner na kwa futi, na faili za DXF, ambazo wachoraji wengi hutumia, kwa kawaida hazitaji mfumo wa majiranukta zilimochorwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ikisomwa kana kwamba futi ni mita, eneo lake huongezeka zaidi ya mara kumi, na jaribio linalotarajia mita za mraba 464.5 huligundua mara moja. Inafaa kuongeza hapa kwamba ploti hiyo huuzwa kwa jina la sehemu ya nane ya ekari, ilhali sehemu ya nane kamili ni mita za mraba 505.9; mwandishi wa jaribio anayeandika namba ya pili kwa kufuata tangazo la mauzo atahangaika kutafuta kosa katika msimbo usio na kosa.

Namba zinazotarajiwa hazifai kulinganishwa kwa usawa kamili, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa ukadirio na hesabu za aina hii hutofautiana kidogo kati ya mashine. Jaribio linapaswa kutaja kiasi cha tofauti kinachokubalika, na kiasi hicho kitoke katika mahitaji ya kazi: sentimita chache kwa mipaka ya ploti, mita kadhaa kwa ramani ya kumwelekeza mgeni. Kwa sababu hiyo hiyo si vyema kulinganisha faili nzima herufi kwa herufi. Jedwali la shapefile, kwa mfano, huhifadhi mwanzoni mwake tarehe ambayo faili iliandikwa, kwa hiyo jaribio la kulinganisha faili nzima litafaulu leo na kushindwa kesho bila msimbo kuguswa, na majaribio yanayoshindwa bila sababu huwafundisha watu kuyapuuza hata yanapokuwa na sababu. Njia iliyo salama ni kuifungua faili mpya, kuhesabu ploti zilizomo na kuona kwamba hazikupungua, kusoma majina ya safu na baadhi ya taarifa, na kupima nukta zinazojulikana.

Suala la matoleo ya programu ya nje ndilo linaloonyesha thamani ya majaribio haya kwa muda mrefu. Hesabu za majiranukta ndani ya GDAL hufanywa na maktaba iitwayo PROJ, yaani mkusanyiko wa vitendakazi unaotumiwa na programu nyingi. Toleo la 6 la PROJ, lililotoka Machi 2019, lilianza kuuheshimu mpangilio uliomo katika orodha rasmi ya mifumo ya majiranukta iitwayo EPSG, ambayo huweka latitudo kwanza kwa mfumo wa WGS 84, na GDAL 3.0 ya mwezi Mei mwaka huo ikaufuata. Waliokuwa wakiita vitendakazi hivyo moja kwa moja, na waliokuwa wakiitumia programu ya cs2cs ya PROJ kwa namba za EPSG, walikuta latitudo na longitudo zimepishana katika msimbo ambao haukuwa umebadilishwa hata herufi moja. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki na yalitangazwa, lakini tangazo husomwa na wachache, ilhali jaribio linaloendeshwa kila siku halihitaji kusoma tangazo.

Yapo pia mabadiliko madogo kuliko hayo. Ili kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kwa njia ya kawaida, kitovu cha dunia husogezwa kwa vipimo vitatu, na vipimo hivyo vimechapishwa kwa zaidi ya seti moja: kuna wastani wa Kenya na Tanzania, ambao ni mita −160, −6 na −302, na kuna vipimo vya Kenya pekee, ambavyo ni mita −157, −2 na −299. Tofauti ya seti hizo mbili kwenye ardhi ya Kinanie ni kama mita 3. Kwa ramani ya jimbo zima mita hizo hazionekani. Kwa ploti yenye upana wa mita 15 ni sehemu ya tano ya upana wake, na zinatosha kuuhamisha ukuta kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Toleo moja la programu likichagua seti hii na toleo jingine ile, hakuna onyo litakalotolewa, kwa kuwa zote mbili ni sahihi kwa matumizi zilimokusudiwa. Jaribio lenye nukta ya kweli na kikomo cha sentimita ndilo litakalosimamisha kazi na kumlazimu mtu kuamua ni seti ipi inayofaa, kisha kuiandika waziwazi katika amri.

Kwa sababu hiyo majaribio ya programu halisi yanapaswa kuanza kwa kuandika toleo linalotumika katika kumbukumbu zake, na toleo hilo liwe lile lile kwenye kompyuta ya mwandishi na kwenye seva inayohudumia wateja. Vifaa vingi vya majaribio huruhusu jaribio lirukwe iwapo programu ya nje haipo. Ruhusa hiyo inafaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi au ya mgeni katika mradi, ambaye hana sababu ya kupakua GDAL nzima ili kurekebisha rangi ya kitufe. Kwenye seva ya pamoja, ambako misimbo ya wote hukaguliwa kabla ya kukubaliwa, kuruka huko kunapaswa kuhesabiwa kuwa ni kushindwa, kwa maana seva iliyosahauliwa kuwekewa ogr2ogr itaonyesha alama za kijani kwa mwaka mzima huku jaribio la pekee lenye maana likiwa halijawahi kuendeshwa.

Faili za majaribio zenyewe zinahitaji uangalifu wa kisheria. Ni rahisi kuchukua mchoro halisi wa mteja, pamoja na jina la mwenye ploti, nambari ya kitambulisho na ya hatimiliki, na kuuweka katika hazina ya msimbo ambako kila mshiriki wa mradi, na pengine umma mzima, ataweza kuusoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa hizo kuwa za binafsi. Faili ya majaribio inaweza kuwa na ploti moja ya kubuni iliyochorwa kando ya nukta ya upimaji ya umma, ikapewa safu zile zile za taarifa zilizomo katika faili za kweli, ikiwamo ile yenye jina refu litakalokatwa, na ikajazwa majina yasiyo ya mtu yeyote. Ndani yake kuwe na jina lenye alama ya ritifaa, kama Ng'ang'a au Ong'ondo, ili ijulikane mapema kama alama hiyo inafika upande wa pili ikiwa nzima.